Nyumba ya Kumiliki au ya Kupanga?

Kiwango cha umiliki wa nyumba, yaani sehemu ya kaya zinazoishi katika nyumba zao wenyewe, si kipimo cha utajiri wa nchi, kwani Romania huzidi asilimia 90 ilhali Ujerumani, iliyo tajiri zaidi, hukaribia nusu tu, kwa sehemu kwa kuwa sheria zake humlinda mpangaji dhidi ya kufukuzwa ovyo.

Jijini Dar es Salaam, ambako mpangaji mara nyingi hudaiwa kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo, pamoja na ujira wa dalali ambao aghalabu ni kodi ya mwezi mmoja, wengi hununua kiwanja, wakajenga msingi, wakaongeza matofali kidogo kidogo, na hatimaye kuhamia kabla ya dari na vioo vya madirisha. Ujenzi wa namna hiyo hauna riba ya benki, lakini fedha hulala ukutani kwa miaka mingi bila kuzaa chochote. Kwa hiyo, kwa anayehamahama kikazi, kupanga huweza kufaa zaidi. Kwa anayeamua kujenga, hasara kubwa kuliko zote ni kununua kiwanja chenye mgogoro, hivyo kila mnunuzi na ahakiki umiliki katika ofisi ya ardhi kabla ya kutoa hata shilingi moja.