Chumvi ya kupimia mahindi yafika hadi kwenye kizimba cha chatu

Mfanyabiashara wa mahindi anayevuka Namanga, Busia au Mutukula anaijua chumvi kwa kazi mbili, ya jikoni na ya ghalani. Kabla hajalipia mzigo, huchukua chupa ya kioo iliyokauka, akatia mahindi na chumvi kavu kidogo, akafunga kizibo, akatikisa na kuiacha itulie kwa muda. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, mahindi bado mabichi: unyevu umepita asilimia 15 hivi. Isiponata, hicho bado si kibali cha kupita, kwa maana kiwango cha Afrika Mashariki ni asilimia 13.5 na chupa haioni tofauti ndogo namna hiyo. Waliokwama mpakani Machi 2021, Kenya ilipozuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa hofu ya sumukuvu, hawahitaji kuelezwa bei ya unyevu.

Chumvi hiyo hiyo ina kazi nyingine, mbali kabisa na soko la nafaka. Ulaya na Marekani, watu wanaofuga nyoka majumbani huitumia kukagua haigromita, kipima unyevu kinachokaa ndani ya kizimba. Kwao shida ni ya kinyume. Mwenye mahindi anaogopa unyevu uliozidi. Mwenye nyoka, mara nyingi, anaogopa uliopungua.

Nyoka mwenyewe ni mtoto wa Afrika. Mmoja wa wanaofugwa zaidi duniani ni chatu mdogo aitwaye kitaalamu Python regius, mwenye desturi ya kujikunja kama mpira akishtuka. Akikomaa huwa na urefu wa mita 1 hadi 1.5 hivi. Makao yake ni ukanda wa savana kuanzia Senegal hadi Sudan Kusini na kaskazini-magharibi mwa Uganda, kwa hiyo Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo ina sehemu yake. Mjini Ouidah, Benin, ana hekalu lake na hauawi. Lakini Benin hiyo hiyo, pamoja na Togo na Ghana, ndiko biashara yake ilikokomaa: majike wenye mayai hufukuliwa mashimoni, mayai huanguliwa katika mashamba maalumu, na vitoto hupakiwa kwenye ndege.

Si biashara ya kubeba kwenye begi. Chatu huyu yumo katika Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, ulioanza kutumika Julai 1, 1975. Maana yake, havuki mpaka wa nchi bila kibali cha kule anakotoka. Zaidi ya hapo kila nchi ina sheria yake: Tanzania, kwa mfano, ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje mwaka 2016. Katika jambo hili gunia la mahindi lina uhuru mkubwa kuliko nyoka mmoja.

Kosa linalowaua wengi huanza na neno "savana". Mnunuzi akisikia kwamba chatu ametoka kwenye nyika yenye miezi ya kiangazi, humwekea kizimba kikavu: kioo, mfuniko wa wavu wa waya, taa ya joto juu, karatasi chini. Anadhani amemjengea nyumbani. Ukweli ni kwamba chatu huyu haishi juu ya nyika. Mchana kutwa yumo ndani ya shimo la panya au ndani ya kichuguu, na hutoka usiku. Yeyote aliyewahi kubomoa kichuguu apate udongo wa matofali anajua kilivyo: nje kigumu kama jiwe, lakini ukifika ndani, udongo una ubaridi na unyevu hata majani ya juu yakiwa yamekauka. Hali ya kuigwa ni ile ya shimoni, wala si ile inayoonekana kwenye picha ya nyika.

Hapa ndipo asilimia zinapochanganya watu. Asilimia ya mahindi ni uzito wa maji ndani ya punje. Asilimia ya hewa ni jambo jingine: ni kiasi cha mvuke uliomo ukilinganishwa na ule ambao hewa ingeweza kubeba kwa joto hilo. Hewa ya joto hubeba zaidi. Chukua hewa ya nyuzi 24 yenye unyevu wa asilimia 60, ipashe hadi nyuzi 32 bila kuongeza tone la maji. Kipimo kitashuka hadi asilimia 38 hivi. Hakuna maji yaliyoibwa, ila chombo kimepanuka. Katika majira ya baridi ya Ulaya hali ni mbaya zaidi. Hewa ya nje ya nyuzi 0, hata ikiwa imejaa mvuke, ikiingia ndani na kupashwa hadi nyuzi 30 hubaki na chini ya asilimia 15. Chatu anahitaji kati ya asilimia 60 na 70, na zaidi kidogo anapokaribia kujivua gamba.

Akikosa, gamba halitoki zima kama soksi iliyogeuzwa. Linachanika vipande. Kipande kikibaki kwenye ncha ya mkia hukaza kama uzi na kuzuia damu. Nyoka hana kope. Jicho lake limefunikwa na gamba la kioo ambalo nalo hutakiwa kutoka kila anapojivua, na lisipotoka huanza kuganda moja juu ya jingine. Anayejaribu kulibandua kwa kucha au kibanio anaweza kuharibu jicho lenyewe. Hiyo ni kazi ya daktari wa mifugo.

Dawa si kunyunyizia maji kila asubuhi. Hewa hupanda kwa saa moja, kisha taa hukausha tena. Wenye uzoefu hutandika sakafu kwa vumbi la makumbi ya nazi, yale yale ambayo nyuzi zake husokotwa kamba mwambao wa Afrika Mashariki, kwa kina cha sentimita kadhaa. Humwaga maji pembeni yazame chini, sehemu ya juu ibaki kavu. Wavu wa mfuniko hufunikwa sehemu kubwa, na bakuli pana la maji huwekwa. Tumbo la nyoka likilala kwenye majimaji siku nyingi, magamba huoza. Na kizimba chenye unyevu kisichopitisha hewa huota kuvu, jambo ambalo mwenye ghala hana haja ya kufundishwa. Mdomo kuwa wazi, mapovu na pumzi ya mluzi ni dalili kwamba mapafu yameingiliwa.

Yote hayo yanategemea kipimo cha kweli, na haigromita za bei rahisi husema uongo bila aibu. Ndipo chumvi inaporudi. Chumvi ya mezani hutiwa kwenye kizibo cha chupa, ikaloweshwa kidogo iwe kama uji mzito, kisha kizibo na kipimo hufungiwa pamoja katika mfuko usiopitisha hewa mpaka kesho yake. Hewa ya humo itasimama kwenye asilimia 75, kwa kuwa hapo ndipo chumvi huanza kuvuta maji hewani. Ndiyo sababu hiyo hiyo inayoifanya inate kwenye chupa ya mahindi. Kipimo kikisoma 68, kiko nyuma kwa 7, na mwenye nyoka huandika tofauti hiyo kwenye kipande cha plasta na kukibandika mgongoni mwake.

Hukumu ya mwisho hutolewa na nyoka. Macho yake hugeuka rangi ya maziwa yenye buluu, yakarudi kung'aa, na siku chache baadaye gamba hukutwa limeachwa kizimbani. Mfugaji makini halitupi upesi. Hulinyoosha kwenye mwanga wa dirisha, akatafuta vioo viwili vya macho na ncha ya mkia.