Mkandaji Mwenye Ujuzi Huuliza Kwanza

Mji wa Kabuga umekaa kando ya barabara kuu itokayo Kigali kwenda Kayonza, katika wilaya ya Gasabo. Ni mji wa watu wanaoishi kwa nguvu za viungo vyao: wachuuzi wabebao mizigo sokoni, madereva waamkao kabla ya alfajiri, askari wasimamao zamu usiku kucha, na akina mama ambao migongo yao haijui likizo. Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi huongezeka kazi za umuganda, na siku ya pili yake wengi huonekana wameshika viuno. Si ajabu basi mtu kushauriwa na mwenzake aende akakandwe. Lakini wengi wakipewa shauri hilo hucheka au huona haya, kwa kuwa hawajui ni nini hasa kinachotendeka nyuma ya mlango wa mkandaji.

Kukanda mwili si jambo geni katika nchi zetu. Huko pwani mwanamke aliyejifungua hukandwa kwa maji ya moto na mafuta tangu zama za mababu, na kila timu ya mpira yenye kujiheshimu huwa na mchua misuli wake. Kilicho kigeni kwa wengi ni kumwendea mtu usiyemjua, ukamlipa, ukavua nguo, ukalala kitandani. Hapo ndipo zinapoingia shaka na maneno ya watu.

Jirani ya Kabuga, huko Masaka katika wilaya ya Kicukiro, kimejengwa kituo cha Umoja wa Wasioona wa Rwanda. Humo watu waliopoteza nuru ya macho wamekuwa wakifunzwa kusoma kwa breili, kutembea kwa fimbo nyeupe na kujitegemea kwa kazi. Mjini Kigali shirika liitwalo Seeing Hands Rwanda liliongeza jambo jingine: liliwafundisha wasioona kazi ya kukanda na kuwaajiri katika kazi hiyo. Fikira hiyo ina asili ya mbali. Katika karne ya 17 Mjapani mmoja asiyeona, Sugiyama Waichi, aliwafungulia wenzake shule za tiba ya sindano na ukandaji, na katika Korea Kusini sheria imewawekea wasioona peke yao leseni ya kazi hii. Kwa mtu ambaye wengi walidhani hana njia ila kunyoosha mkono barabarani, kupata ujuzi unaolipiwa ni jambo kubwa. Nao mteja mwenye haya hupata nafuu akijua kwamba anayemhudumia hamwoni.

Sasa mteja atarajie nini? Jambo la kwanza ni maswali. Mkandaji aliyefunzwa hagusi mwili kabla ya kuuliza. Huuliza panapouma na tangu lini, kama mteja ana ugonjwa wa moyo, kisukari au shinikizo la damu, kama amepata kupasuliwa au kuvunjika, anatumia dawa gani, na mwanamke huulizwa kama ana mimba. Mtu asiudhike akidhani anapelelezwa. Mkandaji asiyeuliza neno, akaanza mara moja kupaka mafuta, huyo ndiye wa kuogopwa.

Sababu ya maswali hayo yafaa ielezwe kwa urefu, maana ni suala la uhai. Chukua mfano wa askari aliyekaa saa nyingi bila kunyoosha miguu, ndani ya lori au katika ndege, kama safari za wale waliopelekwa Cabo Delgado kuanzia Julai 2021. Akifika nyumbani, shavu la mguu mmoja limevimba, lina joto na linauma. Mkewe kwa huruma anachukua mafuta ili amchue, au jamaa wanamwambia aende kwa mkandaji. Yawezekana huo ni uchovu wa misuli tu. Lakini yawezekana pia kwamba donge la damu limeganda ndani ya mshipa, na donge hilo likisukumwa kwa mikono laweza kung'oka, likasafiri hadi kwenye mapafu na kumuua mtu kwa ghafula. Mguu mmoja uliovimba na kupata joto haukandwi. Hupelekwa hospitali siku hiyo hiyo, iwe Masaka au ile ya jeshi iliyoko Kanombe. Na akianza kubanwa pumzi au kuumwa kifua, asingojewe hata dakika moja.

Kadhalika haikandwi homa, wala mfupa unaodhaniwa umevunjika, wala kidonda, wala kifundo kilichoteguka jana na bado kinafura. Mwenye kutumia dawa za kuzuia damu isigande, na mwenye saratani, wamuulize daktari kwanza. Mjamzito hulazwa ubavu na kukandwa kwa wepesi na mtu aliyefunzwa kazi hiyo. Ama mwenye maumivu ya mgongo ambaye miguu imeanza kufa ganzi au kulegea, au ameshindwa kuzuia mkojo, huyo hana haja ya mafuta. Haja yake ni daktari, upesi.

Maswali yakiisha, mteja huachwa peke yake ajitayarishe. Huvua kadiri aonavyo yeye mwenyewe kuwa inafaa. Hakuna amri ya kubaki uchi, na mgongo waweza kukandwa hali mtu amevaa suruali yake. Hulala juu ya kitanda chembamba kirefu, akafunikwa shuka. Sehemu inayokandwa ndiyo peke yake inayofunuliwa, kisha hufunikwa tena. Sehemu za siri haziguswi kamwe. Mahali ambapo mkono unapotea njia, au maneno yanageuka kuwa ya tamaa, mteja ana haki ya kuinuka, kuvaa na kuondoka. Mkandaji naye ana haki iyo hiyo ya kumtoa mteja asiye na adabu, na wako wanaume wanaostahili kukumbushwa hivyo.

Katika nyumba nyingi hapa ndipo ugomvi unapozuka. Mke akisikia kwamba mumewe amekwenda kukandwa, au mume akisikia hivyo juu ya mkewe, moyo hauwi radhi, nao hauna lawama kwa vile kuna wanaotumia jina la kazi hii kuficha biashara nyingine. Dawa yake ni kutofanya siri. Waende pamoja mara ya kwanza, wamtazame mtu na mahali pake. Mteja mwanamke akitaka kukandwa na mwanamke mwenzake, na aseme tangu mwanzo. Bei na muda, ambao aghalabu huwa nusu saa au saa nzima, viulizwe kabla ya kuvua hata kiatu.

Kazi ikianza, mteja asijikaze kiume. Askari hasa wamezoea kuvumilia, wakadhani kila maumivu ni sehemu ya tiba. Uchungu mdogo penye fundo la msuli si kitu. Lakini uchungu mkali unaomfanya mtu azuie pumzi ni dalili kwamba mkono umezidi. Aseme "punguza" wazi wazi. Kwa mkandaji asiyeona kutikisa kichwa au kukunja uso hakufai kitu; sauti ndiyo humwongoza.

Faida zake pia zielezwe kwa kipimo. Kukandwa hulegeza misuli, hutuliza mawazo, humsaidia mtu kupata usingizi, na kwaweza kupunguza maumivu ya mgongo kwa siku kadhaa. Hakunyooshi mfupa uliopinda wala hakuondoi sumu mwilini kama wengine wanavyotangaza. Kazi hiyo ni ya ini na mafigo. Baada ya kushuka kitandani mtu akae kidogo kabla ya kusimama, maana wengine huona kizunguzungu, na asikimbilie kupanda pikipiki. Siku moja au mbili misuli yaweza kuuma kama baada ya gwaride refu. Maumivu yakipita siku ya tatu, au yakizidi badala ya kupungua, asirudi kwa mkandaji, amwone daktari.