Stammer na Stutter ni Kigugumizi Kilekile

Haipiti wiki bila mzazi kuniuliza kama mwanawe ana stammer au ana stutter. Jibu ni fupi: ni kitu kimoja. Waingereza wamezoea neno la kwanza, Wamarekani la pili, na wote wanazungumzia kigugumizi. Mfalme George wa Sita wa Uingereza huandikwa London kuwa alikuwa na stammer, New York kuwa alikuwa na stutter. Mfalme ni huyohuyo.

Lingekuwa suala la msamiati tu, nisingelishikia kalamu. Kinachoniudhi ni imani iliyojengwa juu yake: eti stammer ni woga tu, na stutter, ile ya kurudiarudia silabi, ni ulimi uliofungwa unaotaka wembe. Ni kweli vitabu vya zamani vya tiba vya Kijerumani vilitumia neno lililo ndugu wa stammer kwa mtu anayetamka herufi vibaya. Hicho ni Kijerumani, na mtoto wako hakimhusu.

Msikilize mtoto mwenye kigugumizi kwa dakika tano. Atasema "ba-ba-baba", kisha "mmmmama", kisha atakwama kabisa, mdomo wazi na sauti haitoki. Kurudia, kuvuta na kukwama, vyote kwa mtoto mmoja, pengine ndani ya sentensi moja. Utampa magonjwa matatu?

Na huo wembe unakata nini? Utando wa chini ya ulimi, ukiwa mfupi, huzuia ncha ya ulimi isiinuke. Sasa tamka "baba". Tamka "mama". Midomo ndiyo imefanya kazi, ncha ya ulimi imelala. Mtoto anayekwama kwenye "baba" anakatwa ulimi kwa kosa gani? Mtoto huyohuyo akiimba kaswida au pambio, maneno yanatiririka. Akisoma kwa sauti pamoja na darasa zima, kwa kawaida hakwami. Ulimi uliofungwa ungefungwa hata madrasa na kanisani.

Kisu kilishajaribiwa. Mwaka 1841, huko Berlin, mpasuaji Johann Friedrich Dieffenbach alikata kipande cha shina la ulimi ili kutibu kigugumizi, na dawa ya usingizi ilikuwa bado haijaingia kwenye upasuaji. Wapasuaji wengine wa Ulaya wakamwiga, wagonjwa wakavuja damu, na baada ya muda njia hiyo ikaachwa. Leo bado naletewa watoto waliokatwa chini ya ulimi mitaani: kigugumizi kilekile, na juu yake hofu ya kufungua mdomo mbele ya mtu mzima. Hilo siwezi kulizungumza kwa upole.

Woga nao si chanzo. Huchochea kigugumizi kilichopo, basi. Chanzo kimo katika namna ubongo unavyopanga na kuratibu usemi, na mara nyingi hurithiwa. Tangu 2010 watafiti wametaja jeni kadhaa zinazohusika.

Cha kufanya, basi. Kigugumizi huanza zaidi kati ya miaka miwili na mitano, na watoto wengi hupona. Usimwambie "tulia, vuta pumzi, anza upya". Usimmalizie neno. Punguza kasi ya usemi wako mwenyewe, mtazame, msubiri. Kikizidi miezi sita, au akikaza uso na kukwepa maneno, au ukoo una wenye kigugumizi, mtafute mtaalamu wa tiba ya usemi; kwa wadogo kuna mpango wa Lidcombe kutoka Australia, ambao mzazi huuendesha nyumbani akiongozwa na mtaalamu. Mwalimu, mruhusu asome kwa sauti pamoja na mwenzake. Mtu mzima hufundishwa kuanza neno kwa sauti laini na kuacha kuficha kigugumizi chake. Na mtu mzima ambaye hajawahi kuwa nacho, kikamwanza ghafla, apelekwe hospitali saa hiyohiyo: huenda ni kiharusi.