Meinswichi ya Pili Haiongezi Umeme

Nyumba nyingi za Kyela mjini na Ipinda hujengwa kwa awamu. Inaanza nyumba kubwa mbele, baadaye vinaongezwa vyumba vya kupangisha uani, kisha kibanda cha jokofu la samaki. Meinswichi ya mwanzo ilifungwa kwa ajili ya taa na soketi chache, sasa nafasi za breka zimejaa, na mwenye nyumba anamwita fundi amfungie nyingine. Wazo si baya, ilimradi asitegemee kwamba boksi jipya litamletea nguvu zaidi.

Nguvu inatoka kwenye laini ya TANESCO na kupita kwenye mita ya LUKU. Kwa laini ya fezi moja ya volti 230 yenye kikomo cha ampea 60, nyumba nzima haipati zaidi ya kilowati 13.8, uwe na boksi moja au matano. Afadhali Kyela ina joto: shawa za moto wanazozihitaji Tukuyu hapa si lazima. Mzigo wetu ni feni, majokofu, pampu za visima na viyoyozi vya nyumba za wageni. Ukizidi kikomo hicho, omba fezi tatu.

Boksi la pili pia si mita ya pili. Mteja wa kundi la D1, ambalo matumizi yake hayatakiwi kuzidi uniti 75 kwa mwezi, akiwaunganisha wapangaji kwenye mita ileile asishangae akihamishiwa kundi la T1, ambalo bei yake ni ya juu zaidi.

Sasa, tawi la kwenda boksi jipya lianzie wapi? Fundi wa njia ya mkato huvuta waya wa milimita za mraba 2.5 kutoka soketi ya sebuleni hadi uani. Kwa mita 30 na mzigo wa ampea 20, karibu volti 11 zinapotea njiani, na breka ya sebuleni ndiyo inayobeba wapangaji wote. Mimi napendelea tawi lianzie baada ya mita, kwenye boksi dogo la kuunganishia, kila meinswichi ipate swichi yake na kebo ya uani ipate breka yake. Kwa breka ya ampea 40, kebo ya shaba ya milimita za mraba 10 inatosha kwa umbali huo. Lakiri ya TANESCO kwenye mita haiguswi.

Kosa linalosumbua mafundi wengi ni nyutro. RCD, kifaa kinachokata umeme unapovuja, hulinganisha umeme unaotoka kwa waya wa moto na unaorudi kwa nyutro, na tofauti ya miliampea 30 inatosha kuifanya ikate. Ukihamishia waya wa moto wa taa kwenye boksi jipya, nyutro yake ikabaki kwenye la zamani, RCD itakata kila ukiwasha taa hiyo hata kama hakuna kilichoharibika. Fundi asiyejua chanzo huilaumu RCD na kuing'oa.

Kuing'oa ni hatari, na hesabu yake ni fupi. Nyumba nyingi hutegemea fimbo ya ethi iliyozikwa ardhini. Ikiwa ukinzani wake ni omu 20, jokofu likipata hitilafu, umeme unaokwenda ardhini ni 230 gawanya kwa 20, yaani ampea 11.5. Breka ya ampea 32 haitashtuka kabisa, na bodi la jokofu litabaki na umeme likimsubiri mtoto mwenye miguu mitupu. Hata ardhi nzuri sana ya omu 5 inatoa ampea 46, ambazo breka hiyo inaweza kuzivumilia karibu saa nzima. RCD ingekata kwa sehemu ndogo ya sekunde.

Wapo wanaosema ardhi ya Kyela ni mbichi, ethi haina shida. Tambarare ya mpunga ni mbichi kweli, lakini mchanga wa juu ufukweni Matema hukauka kiangazi. Fimbo lazima izame hadi kwenye unyevu wa kudumu. Unyevu huohuo una upande wa pili: mito ya Kiwira, Mbaka na Songwe hufurika masika, kwa hiyo boksi la uani lifungwe juu ya alama ya mafuriko ambayo wazee wa mtaa wanaikumbuka.

Mtafute fundi mwenye leseni ya EWURA. Kabla hujamlipa, apime ukinzani wa ethi mbele yako, kisha abonyeze kitufe cha majaribio cha kila RCD.