Je, Wajua? Chai ya Kianjokoma Hutangulia Mombasa

Chai inayochumwa Kianjokoma, miteremkoni mwa Mlima Kenya, hushuka hadi mnada wa Mombasa. Mkulima naye aifuate! Kitovu cha mji wenyewe ni kisiwa, na Ngome yake ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga 1593, ilichorwa na Mwitaliano, Giovanni Battista Cairati. Waomani waliiteka 1698 baada ya kuizingira kwa karibu miaka 3. Ipe siku nzima. Kuta zile zinastahili. Kesho yake vuka Likoni kwa feri, shika barabara ya kusini hadi Shimoni, kisha panda mashua uende kisiwa cha Wasini. Huko akina mama huwaongoza wageni kwenye njia ya mbao, juu ya matumbawe makavu na mikoko. Pomboo wako jirani, katika hifadhi ya bahari ya Kisite-Mpunguti.