Mhariri Aliyechapa Pesa za Mbao

Tarehe 5 Desemba 1931, zikiwa zimebaki wiki tatu kufika Krismasi, benki ya mji wa Tenino, katika jimbo la Washington huko Marekani, ilifungwa. Tenino ni mji mdogo kusini mwa Olympia, makao makuu ya jimbo. Wakati ule wakazi wake hawakufika hata elfu moja. Ulikuwa umejengwa kwa jasho la wachonga mawe na wakata magogo, lakini saruji ilikuwa imeshaua soko la mawe, na mdororo wa uchumi ulioanza 1929 ukawa umeangusha bei ya mbao. Benki ya Citizens ilipofunga milango, ilifungia ndani akiba za wazee, mishahara, fedha za mwenye duka za kulipia mzigo unaofuata, na hata chenji.

Hiyo chenji ndiyo inayonivuta. Mdororo Mkuu husimuliwa zaidi kwa habari za soko la hisa la New York na matajiri waliolala wakiwa nazo wakaamka hawana. Mji mdogo uliumia kwa namna nyingine. Kibarua yupo na nguvu zake, jirani ana kuni za kuuza, muuza duka ana unga kwenye rafu, mama ana mayai kikapuni, ila sarafu ya kutoka mkono huu kwenda mkono ule haipo. Kati ya 1930 na 1933 zilianguka benki zipatazo 9,000 nchini Marekani, na nyingi zilikuwa benki ndogo za miji ya mashambani ambazo hakuna aliyezisikia nje ya wilaya yake.

Ukitazama bei za enzi hizo utadhani watu waliishi peponi. Mwaka 1933 wastani wa bei katika miji ya Marekani ulikuwa hivi: ratili ya mkate senti 7, dazeni ya mayai senti 29, ratili ya siagi senti 28, ratili tano za unga wa ngano karibu senti 20, ratili ya kahawa senti 26. Sasa geuza hesabu upande wa mkulima. Mwaka 1929 busheli ya ngano, yaani kilo 27 hivi, ilimpatia zaidi ya dola moja. Mwaka 1932 aliuza busheli hiyohiyo chini ya senti 40. Kwa hiyo kilo 27 za ngano, pamoja na jasho la kulima, kuvuna na kupura, zilimrudisha nyumbani na ratili moja na nusu ya kahawa. Mjini, robo ya nguvu kazi ya taifa ilikuwa haina kazi mwaka 1933. Vitu vilikuwa rahisi kwa sababu wa kuvinunua hakuwepo.

Basi watu walikulaje? Walikula kwa daftari.

Duka la mji mdogo lilikuwa na kaunta ndefu, bidhaa zikiwa nyuma ya muuzaji. Mteja hakuchukua kitu mwenyewe. Alitaja, akapimiwa, akafungiwa. Mtindo wa mteja kujichotea rafuni ulikuwa umeshaanza, kwani duka la Piggly Wiggly lililouanzisha lilifunguliwa Memphis mwaka 1916, lakini miji midogo iliuchelewesha kwa makusudi mazima. Mwenye duka alitaka kuongea. Kila nyumba ilikuwa na ukurasa wake katika daftari la madeni, na deni lilisubiri mavuno, au mshahara wa kiwanda cha mbao, au ng'ombe kuuzwa. Msomaji aliyekulia karibu na duka la mtaani, lenye daftari lililochakaa na kalamu iliyofungwa kwa uzi, hahitaji maelezo zaidi. Mali kauli ni mali kauli popote duniani.

Jumamosi ilikuwa siku ya gulio. Wakulima walifika na familia nzima, wakakaa hadi usiku. Katika miji mingi ya nyanda za kati wafanyabiashara walionyesha sinema ya bure ukutani ili watu wasirudi nyumbani mapema. Wanawake walileta mayai na malai. Muuza duka aliyahesabu, akaandika thamani, kisha akakata sukari, chumvi na mafuta ya taa humohumo. Mayai yakizidi manunuzi, hakutoa fedha. Alitoa kikaratasi au kisarafu cha bati chenye jina la duka lake, kinachopokelewa kwake tu. Ukitazama vizuri, kila duka lilikuwa tayari na benki kuu yake ndogo kabla benki halisi haijaanguka.

Hata magunia yaliingia katika uchumi huu. Unga na chakula cha kuku viliuzwa katika mifuko ya pamba isiyopaushwa, ndugu wa ile merikani iliyovushwa bahari kutoka Salem, Massachusetts, hadi Unguja katika karne ya 19 na kuvaliwa na bibi za bibi zetu. Akina mama wa mashambani waliifua wakaishona magauni, foronya na nguo za watoto. Wenye viwanda walipogundua, wakaanza kuchapa maua na mistari kwenye mifuko, na wino wa jina la kampuni ukawa wa kutoka kwa kufua. Mume akitumwa kununua chakula cha kuku aliagizwa arudi na gunia la ua lilelile, maana gauni halijakamilika.

Na gazeti? Gazeti la mji lilitoka mara moja kwa wiki. Sehemu yake kubwa haikuandikwa hapo. Kampuni ya Western Newspaper Union ilituma karatasi zilizochapwa tayari upande mmoja, zenye hadithi, mapishi, habari za dunia na matangazo ya dawa za kikohozi. Mhariri alichapa upande uliobaki. Upande huo ndio uliosomwa kwanza. Kila kitongoji kilikuwa na mwandishi wake, mara nyingi mama wa nyumbani, anayelipwa kwa inchi za safu alizojaza au kwa gazeti la bure tu. Aliandika nani kala chakula cha Jumapili kwa nani, nani karudi kutoka hospitali, ng'ombe wa nani kazaa pacha, kijana wa nani kapata kibarua cha barabara.

Watu wa mijini walizicheka habari hizo. Naziona ndizo zilizokuwa kurasa za biashara za mji. Mwenye duka aliyesoma kwamba kijana wa familia fulani ameajiriwa kiwandani alijua ukurasa upi wa daftari unaweza kuongezewa kilo mbili za maharage. Aliyesoma kwamba familia nyingine imekwenda kuwatembelea jamaa California, huku akikumbuka kuwa aliona kitanda na jiko vimefungwa juu ya gari lao, alijua ukurasa upi wa kuupigia mstari. Uzito wa gazeti hilo uliongezeka kadiri simu zilivyokatwa. Mwaka 1930 mashamba yenye simu yalikuwa asilimia 34 hivi ya mashamba yote ya Marekani. Mwaka 1940 yalibaki 25. Kati ya ada ya simu na viatu vya mtoto, simu ndiyo iliyotoka ukutani.

Mhariri naye aliishi kwa mali kauli. Wasomaji walilipia gazeti kwa kuku, viazi au kuni. Fedha taslimu ilitoka mahali pa kuudhi: sheria ilitaka minada ya mashamba yaliyoshindwa kulipa rehani au kodi itangazwe gazetini, na matangazo hayo yalilipwa. Gazeti likala kwa msiba wa wasomaji wake. Tangazo lilelile, hata hivyo, liliwaambia majirani siku na saa ya kufika. Huko Nebraska na Iowa wakulima walijaa kwenye minada, wakataja bei ya senti chache kwa ng'ombe na plau, wakamtazama kwa macho makali mgeni yeyote aliyetaka kupandisha, kisha wakamrudishia mwenyewe mali yake. Sidhani dalali alirudi nyumbani akiwa na furaha.

Sasa turudi Tenino. Chama cha wafanyabiashara wa mji kilikaa kikapata njia. Mwenye akiba katika benki iliyofungwa angeweza kukikabidhi chama haki ya hadi asilimia 25 ya akiba yake, naye apewe hati za thamani hiyo azitumie madukani. Mali za benki zikija kuuzwa na wenye amana kulipwa, chama kingekomboa hati. Maduka yalikubali kuzipokea. Wa kuzichapa alikuwa mmoja tu: Don Major, mchapishaji wa gazeti la Thurston County Independent, mwenye mashine ya chapa na wino.

Hati za kwanza zilikuwa za karatasi. Mapema 1932 zikafuata za mbao. Jimbo lile la misitu lilikuwa na ufundi wa kukata mbao ya msprusi nyembamba kama karatasi, na Major akachapa juu yake senti 25, senti 50 na dola moja, zikatiwa sahihi. Mbao hiyo ilipasuka ikikunjwa, kwa hiyo matoleo yaliyofuata yalibandikwa karatasi katikati ya vipande viwili. Kutoka mashine iliyochapa habari za chakula cha Jumapili zikawa zinatoka na pesa za kununulia chakula chenyewe. Mimi sioni ajabu katika hilo. Thamani ya kipande kile ilitegemea mji mzima kujua nani ni nani, na kazi ya kujulisha nani ni nani ilikuwa ya Major tangu zamani.

Halafu habari zikavuja nje. Magazeti makubwa yaliandika juu ya pesa za mbao, na watu wenye kukusanya sarafu na noti wakaanza kuagiza kwa posta kutoka pembe zote za nchi. Tenino ikachapa tena na tena, hadi jumla ikapita dola 10,000. Sehemu ndogo mno ndiyo iliyorudishwa kukombolewa. Zilizobaki ziliingia katika albamu na makabati ya wakusanyaji, na kila kipande kilichokaa kabatini kilikuwa deni ambalo mji haukudaiwa kamwe. Nimesoma mipango mingi ya kuokoa uchumi yenye wataalamu na kamati. Michache imeleta faida safi namna hii.

Tenino haikuwa peke yake. Oktoba 1932 mji wa Hawarden, Iowa, ulitoa hati za dola moja ambazo kila zilipobadilisha mkono zilibandikwa stempu ya senti tatu. Stempu zikitosha, zilikuwa zimeshagharamia ukombozi wa hati yenyewe. Machi 1933 Rais Roosevelt alipofunga benki zote za nchi, siku mbili baada ya kuapishwa, hati za namna hii zikaibuka kila mahali. Pismo Beach, mji wa pwani ya California, uliandika thamani juu ya magamba ya chaza. Mfumo wa bima ya amana ulioanza Januari 1934, ukilinda akiba hadi dola 2,500, ndio uliowaondolea watu haja ya ubunifu huo. Lakini jimbo la Washington halikuachana mara moja na vipesa vya ajabu: mwaka 1935 lilipoanzisha kodi ya mauzo ya asilimia 2, mnunuzi wa kitu cha senti 10 alitakiwa kulipa moja ya tano ya senti, kiasi kisicho na sarafu. Serikali ikatengeneza visarafu vya alumini vya kulipia sehemu hiyo ya senti, na wauza maduka wakaongezewa droo nyingine ya kuhesabu jioni.

Huku kwetu jambo hili lina mfano wa karibu. Mwaka 2013, katika mtaa wa Bangladesh huko Mombasa, wafanyabiashara wadogo walianza kubadilishana hati walizoziita Bangla-Pesa, ili mshona nguo na muuza mboga wauziane hata siku ambazo shilingi haikuonekana. Muda mfupi baadaye baadhi ya waliohusika walikamatwa na kufikishwa mahakamani. Mashtaka yaliondolewa miezi michache baadaye. Serikali yoyote hukunja uso inapoona mtu mwingine anachapa kitu kinachonunua sukari. Tenino ilibahatika kwamba mwaka 1932 Washington kubwa, ile ya serikali, ilikuwa na moto mwingine wa kuzima.

Mashine ya Major haikutupwa. Iliwekwa katika jumba la makumbusho la mji. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipofunga maduka, baraza la mji liliitoa kazini tena, likachapa vipande vya mbao vyenye thamani ya dola 25 kila kimoja. Mkazi aliyethibitisha kwamba ameathirika kimapato aliweza kupata hadi dola 300 kwa mwezi, azitumie katika biashara za Tenino, isipokuwa kwa pombe, sigara, bangi na tiketi za bahati nasibu. Mwenye duka alipeleka vipande ofisi ya mji akapewa dola halisi. Wakusanyaji nao walikuwa macho, wakitoa zaidi ya bei iliyochapwa, na mwenye duka aliyepokea kipande kimoja alikuwa na hesabu ya kufanya kabla hajakipeleka popote.