Kasha la Kranki Linaposhika Upepo

Anayeunda jetiski ya kusimama, yaani chombo kidogo cha majini kinachosukumwa na pampu ya maji huku mwendeshaji akiwa wima, mara nyingi huanza kwa kuulizia nguvu za farasi. Fundi wa injini hulipokea swali hilo kwa ubaridi, kwa kuwa analotaka kujua kwanza ni iwapo kasha la kranki linashika upepo.

Tangu Kawasaki ilipoanza kuuza vyombo hivyo mwaka 1973, na Yamaha ilipoleta SuperJet mwaka 1990, injini ya mipigo miwili ndiyo iliyotawala, na hadi leo waundaji wengi huchagua ile ya Yamaha yenye silinda mbili na ujazo wa sisi 701. Katika injini ya namna hiyo, kama wajuavyo wavuvi wa pwani wenye mashine za Yamaha Enduro, hewa na petroli iliyochanganywa na oili hupita kwanza chini, kwenye kasha la kranki, kabla ya kupanda silindani. Sili za mpira zilizo kwenye ncha za kranki zikichakaa, hewa ya ziada hunyonywa ndani, mchanganyiko hupungukiwa na petroli pamoja na oili yake, pistoni hupata joto kupita kiasi, na hatimaye hung'ang'ania silindani.

Ndiyo maana fundi makini haridhiki na kipimo cha mgandamizo pekee, ingawa hukifanya na kukataa injini ambayo silinda zake zimepishana kwa zaidi ya asilimia 10. Huziba njia ya kuingizia hewa, njia ya moshi na kijitundu cha mpira wa pampu ya petroli, kisha kwa pampu ya mkono hujaza upepo wa paundi 7 au 8 tu kwa kila inchi ya mraba, maana ukizidi sana huweza kuzing'oa sili zenyewe, akapaka maji ya sabuni kila kiungo na kutulia akiitazama geji. Subira hiyo, ambayo mnunuzi mwenye haraka huiona kama upotevu wa muda, ina thamani kuliko maneno yote ya muuzaji.

Kranki yenyewe nayo ina siri yake: si chuma kimoja, bali vipande vilivyoshindiliwa pamoja kwa nguvu kubwa. Chombo kinaporuka wimbi, pampu hukosa maji na injini huvuma bila mzigo. Kikitua, mzigo hurudi kwa ghafla, na vipande hivyo vinaweza kujipinda kidogo hata pistoni zikaacha kupishana kwa nyuzi 180 kamili. Injini kama hiyo bado huwaka, tena huvutia kwa rangi mpya, na ndiyo inayowaponza wengi.

Modeli ya SuperJet ya mwaka 2021 ilikuja na injini ya mipigo minne, na uzito wa chombo kikavu ukapanda kutoka kilo 139 hivi hadi 170. Anayetaka wepesi hurudi kwenye makasha ya zamani, yaliyokwisha kuliwa na chumvi. Je, kranki za viwanda vingine zitastahimili kama zile za awali? Na makasha hayo yakiisha, nani atayasubu mapya?